Nyuzi Tatu Bila Koti

Leiden, Februari. Mvua haijaamua kama ni mvua au theluji.
Sjoukje anaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kitalu cha vioo,
anavua glavu kwa meno.
Koti halivui.
Ndani kuna joto la kukopa, taa zinanguruma,
na miche ya maharage, trei kwa trei,
kila mmoja umenyoosha majani yake mawili
kama viganja vya watoto wanaokaguliwa kucha.

Kazi yake ni kuhesabu madoa.
Mwaka wa kumi na tisa huu anahesabu madoa.
Doa moja, mlango mmoja
ambao kirusi kiligonga kikafunguliwa.

Jumatatu alipaka. Kwanza unga mweusi, mkali, wa kukwaruza ngozi ya jani,
kwaruzo la upole, kama unavyompapasa paka asiyekupenda;
kisha kidole; kisha tone.
Ndani ya tone, nyuzi tatu za kirusi cha alfalfa,
zimeoshwa kwa fenoli hadi protini ya mwisho ikabanduka.
Nyuzi zenye kila neno:
namna ya kujinakili,
namna ya kupenya kutoka seli hadi seli,
hata namna ya kushona koti jipya.
Kitabu kizima, kimeng'olewa jalada.

Mpango ulikuwa wa Tjalling, kijana wa Friesland,
anayeandika tasnifu na kula mkate wake amesimama.
"Koti ni ganda tu, Sjoukje. Ni la njiani.
Ukifika nyumbani unalitundika.
Kile cha tumbaku, kivue uchi, bado kinauma."
Ni kweli. Cha tumbaku kinauma.

Leo anainama na kioo cha kukuza.
Trei ya kwanza: hakuna.
Ya pili: hakuna. Tundu la konokono, lakini konokono hahesabiwi.
Ya tatu: kijani, kijani, kijani cha kukera.

Trei ya nne aliiongeza mwenyewe, hakuulizwa,
kwa penseli, chini kabisa ya ukurasa:
nyuzi zilezile, na chembe chache za lile koti lililovuliwa,
masalia ya kichupa kilichosahauliwa kwenye barafu,
zisizotosha kuufunika uzi hata robo.
Hapo midomo yake inaacha kuhesabu.

Madoa.
Ya hudhurungi, yana ukingo,
kama cheche zilizoangukia shuka.
Arobaini na moja kwenye jani moja. Jirani yake, sitini na tatu.

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Basi si la njiani tu.
Chembe moja, mbili, hushika mkia wa uzi,
pale maneno yanapokwisha na herufi kujikunja kama pini za nywele,
na kuiambia seli: huyu ni wa hapa, msome.
Bila mkono huo mkiani
uzi ni barua isiyo na stempu.
Kila habari imo. Haisomwi.
Inalala mlangoni mpaka inaoza.

Tjalling anaingia na makombo kwenye sweta.
"Umechanganya vichupa."
"Hesabu mwenyewe."
Anahesabu. Anahesabu tena, kwa Kifrisia safari hii,
lugha anayoitumia akiogopa.
Nje mtu anateleza na baiskeli, anatukana, anacheka.

Sjoukje anagundua jasho limemlowesha mgongo.
Anavua koti, halioni pa kulitundika,
analivisha bomba la kumwagilia.

"Mara moja si kitu," anasema. "Ijumaa turudie. Trei kumi na mbili.
Na ile ya penseli,
iandike kwa wino."